Muulize Mama Duka: Vyuma vikikaza, mwenye mshahara anafaidi?

Kwa miaka 22, hadi 2019, Mama Duka aliuza vyombo Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Kongo. Siku hizi anajibu maswali ya wasomaji kuhusu hela.

Shikamoo Mama Duka. Mimi ni muuguzi, mume wangu ni mwalimu, tumepanga Tabata. Mshahara wetu haujapanda, lakini kila mwezi unaingia. Mtaani hali ni mbaya: saluni ya jirani imefungwa, na vibao vya "Nyumba inapangishwa" nimehesabu saba kutoka kituo cha daladala hadi kwetu. Mwenye nyumba anataka tulipe tena miezi sita kwa 350,000 ileile. Jirani yangu anasema vyuma vikikaza ndiyo zamu ya wenye mshahara kufaidi. Ni kweli? Na nitaombaje kupunguziwa bila kuonekana nimefulia? – Muuguzi, Tabata

Marahaba mwanangu. Jirani yako hajakudanganya, ila hajamaliza maneno. Acha nikueleze kutoka upande wa pili wa kaunta, maana wenye hela walifaidi kwangu.

Februari 2016 nilichukua katoni arobaini za hotpoti, seti za tatu-tatu, nusu taslimu nusu mali kauli, yaani mzigo unachukua leo unalipa baadaye. Hesabu yangu ilikuwa safi kabisa: Ramadhani ikiisha zinaanza harusi, kitchen party kila Jumamosi, na hakuna kitchen party isiyo na hotpoti. Seti moja ilinisimamia 38,000, nikabandika 55,000. Nikakaa kusubiri.

Nikasubiri sana. Wanaokumbuka miaka ile wanajua: Serikali ya awamu ya tano, ya Magufuli, ilikaza mkanda, semina za hotelini zikasimamishwa, posho zikakatwa, fedha za mashirika ya umma zikatolewa benki za biashara zikapelekwa Benki Kuu. Wafanyakazi hewa wakafutwa, na Aprili 2017 yakasomwa majina ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kuna waliosema ni sawa na kuna waliolia, mimi hapa nazungumzia hotpoti tu. Mshahara unalisha nyumba, unalipa ada na kununua luku. Hotpoti inanunuliwa na posho. Posho ilipokatika Dodoma na Posta, mzigo wangu ukalala Kariakoo.

Sasa Alhamisi moja mwishoni mwa mwezi, 2017, aliingia mama mmoja, miwani kifuani, mkoba kwapani. Hakuuliza bei. Alipitisha kidole juu ya katoni, akakitazama, vumbi. Akainua macho akahesabu katoni mpaka darini. Halafu ndipo akasema, kwa upole kabisa, "Mama, huu mzigo una muda gani hapa?" Nikamwambia umeingia juzi. Akacheka. Akatoa noti kumi za elfu kumi, akazipanga kwenye kaunta moja baada ya nyingine kama anapanga karata. "Nina laki moja. Nataka seti tatu."

Seti tatu zilinigharimu 114,000. Lakini kodi ya fremu ilikuwa imebakiza siku tisa, na yule wa mali kauli alikuwa anapiga simu asubuhi na jioni. Nikazitazama zile noti. Nikazichukua. Alipofika mlangoni akageuka: "Na mfuko je?" Mfuko nao nikampa.

Mwangalie vizuri huyo mama. Hakunililia hali, hakuniambia maisha magumu. Aliangalia vumbi, akaja siku ambayo alijua nimebanwa, na hela alikuwa nayo mkononi. Aliyekuja kesho yake akauliza bei na kuondoka alikuta 55,000 ileile, kwa sababu kibandiko changu hakikubanduka mpaka siku nafunga duka. Hilo wengi hawalijui. Hali ikiwa mbaya, mfanyabiashara hatangazi kushusha bei, anaona aibu, na anaogopa wale walionunua jana watarudi kugomba. Anashusha kimya kimya, kwa anayeuliza mwenye hela.

Na hela ya taslimu wakati kama huo inaongezeka uzito. Kariakoo kulikuwa na kitu kinaitwa kilemba: unataka fremu, unamlipa anayetoka mamilioni ya kukupisha tu, kodi ya mwenye jengo ni jambo jingine. Mimi niliingia kwa kilemba. Nilipotoka sikuona hata senti yake, fremu mbili za jirani zilikuwa zimefungwa na namba ya simu imeandikwa kwa chaki mlangoni. Kijana aliyechukua fremu yangu aliingia bure. Nilimwonea wivu, na nikamwambia.

Turudi kwa mwenye nyumba wako. Mpigie hesabu usiku huu, yeye hajaipiga. Nyumba yake ikikaa tupu miezi miwili amepoteza 700,000. Akikupunguzia 50,000 kila mwezi kwa mwaka mzima amepoteza 600,000. Na hapo sijahesabu rangi ya kumvutia mpangaji mpya, wala vitasa vitakavyong'olewa nyumba ikiwa haina mtu. Mbele yako kuna vibao saba, naye anavipita vilevile kila siku akienda msikitini au kanisani.

Nenda Jumamosi asubuhi, wewe na mumeo, mkiwa mmekula. Usiseme "Baba hali ngumu", maana atakujibu hata kwake ni ngumu, na mtabaki mnaliliana. Sema: "Baba, sisi tunataka kukaa. Hatujakuchelewesha hata mara moja. Tuna miezi mitatu hapa leo kwa laki tatu, tukimaliza tunaleta mingine mitatu." Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote, mumeo atataka kujaza ukimya kwa maneno, mkanyage mguu.

Akikataa kushusha bei, usiondoke bado. Wenye nyumba wengi wana fahari na ile namba. Anataka akiulizwa kijiweni aseme "yangu inakwenda laki tatu na nusu". Mwachie namba yake. Omba mita yenu wenyewe ya luku badala ya kuchangia na wapangaji wa uani, mnaogombana nao nani kapasha maji. Omba simtanki. Omba lile bomba la choo, ambalo najua linavuja kwa sababu yote yanavuja. Kuacha kudai miezi sita kwa mkupuo ni punguzo kubwa kuliko 50,000, kwa sababu zile 1,050,000 za miezi mitatu mingine zitakaa kwenu badala ya kwake. Na mkumbushe kwamba mkihama atamtafuta dalali, na nyinyi mkihama dalali mwingine atakula kodi ya mwezi mmoja. Hakuna anayependa kumlisha dalali.

Ila hesabu vibao vya mtaani kwenu, usihesabu habari za redioni. Julai 2016 ilipotangazwa kwamba Serikali inahamia Dodoma, binti wa binamu yangu alihamishwa na wizara yake. Huku Dar nyumba zinabaki tupu, kule Kisasa, Dodoma, mwenye nyumba alimtaka kodi ya mwaka mzima, na alipojikuna kichwa akaambiwa kuna wenzake wawili wanasubiri getini. Nchi moja, mwaka mmoja. Kwenye mji unaojaa, usiende na ujanja huu.

Na lile ambalo jirani yako hakumalizia: faida hii ni ya mwenye mshahara ambao hautakatika. Wale 9,932 nao Machi walikuwa na mshahara. Kabla hujanunua hotpoti ya bei ya kutupa, weka pembeni hela ya kodi na chakula cha miezi mitatu. Mimi nilipenda wateja wenye laki moja mkononi, lakini wachache kati yao niliwaona tena miezi sita baadaye wakiuliza kama nanunua hotpoti zilizotumika.

Mama Duka, kama watu hawana hela, mbona vitu haviteremki? Hotpoti zako sawa, lakini sisi hatuli hotpoti. Unga na sukari vinapanda hata hali ikiwa mbaya. – Msomaji, Mbeya

Umenichoma, lakini una haki. Kinachoshuka ni kile mtu anachoweza kukiahirisha. Hotpoti, sofa, fremu, ukumbi, kiwanja, simu mpya: mteja akisema "mwakani", muuzaji anatokwa jasho. Ugali hauna mwakani.

Unga unasikiliza mvua kwanza, na amri ya mpakani ya pili. Mwanzoni mwa 2017, vyuma vinakaza, mvua za vuli zilikuwa zimekosa sehemu nyingi na unga ukapanda. Tulibanwa huku na huku. Kisha Juni mwaka uleule Serikali ikapiga marufuku kuuza mahindi nje. Uliofuata ukawa msimu wa neema kwa sisi wa mjini, mimi nilinunua gunia zima na kusaga mwenyewe. Shemeji yangu Sumbawanga alinipigia simu wiki ileile kuniuliza kama najua mtu Dar wa kununua mahindi, kwa bei yoyote, yanaliwa na wadudu ghalani. Nilikuwa nimeshika sinia ya unga mweupe mkononi. Nikamwambia nitaulizia.

Sukari ndiyo usiniulize. Mwaka 2020 corona imefunga watalii na mahoteli, watu wamekaa nyumbani, na sukari ndiyo ikaadimika na kupanda mpaka Serikali ikatoa bei elekezi. Ilikuwa imepungua sokoni, basi. Uwezo wa wanunuzi haukuwa na maana.

Mafuta ni kinyume chake, na ndiyo mfano ninaoupenda, kwa sababu hapo dunia nzima iliumwa na sisi tukapona kidogo. Ndege haziruki, viwanda vimefungwa, Aprili 2020 mafuta ghafi ya Marekani yaliuzwa siku moja kwa bei iliyo chini ya sifuri, yaani muuzaji anakulipa uyachukue. Kufikia Juni petroli Dar es Salaam ilikuwa chini ya shilingi 1,600 kwa lita. Mwenye gari alijaza tangi na kupiga picha. Mpanda daladala alifaidi nini? Nauli ilikuwa 400 tangu 2013, ikabaki 400. Lakini 2022, mafuta yalipopanda, nauli ikaenda 500, na Agosti mwaka huo petroli ilipita 3,400. Kupanda kunafika Gongo la Mboto siku hiyohiyo, kushuka kunaishia Masaki kwa wenye magari.

Na wewe wa Mbeya, pima sabuni yako. Hali ikibana, kiwanda hakigusi bei, kinagusa mche. Mimi nilikuwa napokea katoni za sabuni za kuuzia kando ya vyombo, na ilikuwa kawaida katoni kuja nyepesi na bei ileile, karatasi mpya juu yake imeandikwa "Mpya! Bora zaidi!" Mkate nao utautazama vizuri ukitaka.

Jambo dogo, maana naona watu wanaligombania: ukisikia mfumuko wa bei umeshuka, kama uliposhuka kutoka wastani wa asilimia 5.3 mwaka 2017 hadi 3.5 mwaka 2018, bei hazijashuka. Zinapanda, ila zinatembea, hazikimbii.

Mume wangu ameona tangazo gazetini: nyumba Mbezi inauzwa kwa mnada, mwenyewe kashindwa mkopo wa benki. Bei ni ya kutupa. Anataka tukope benki nyingine tuinunue. Anasema ndivyo matajiri walivyopatikana. – Mama Wawili, Kinondoni

Mumeo amwulize tajiri yeyote alilipa kwa hela ya nani, atamwambia kwa hela yake.

Watu wanadhani uchumi ukidorora mikopo inakuwa rahisi. Kwenye karatasi ni kweli. Benki Kuu ilishusha riba inayozitoza benki kutoka asilimia 16 hadi 12 Machi 2017, na Agosti ikaifikisha 9. Mimi nilikwenda benki nikiwa na gazeti kwapani. Ofisa mikopo, kijana mstaarabu, alinipa maji ya chupa na kunionyesha riba yake: zaidi ya asilimia 17. Nikamwonyesha gazeti. Akanionyesha dirishani, nje kulikuwa na magari matatu yaliyokamatwa kwa wadaiwa, yamepakwa vumbi kama hotpoti zangu. Mikopo mibaya ilikuwa imepita asilimia 10 ya mikopo yote nchini, na benki iliyoumwa na nyoka haikukopeshi kwa tabasamu. Punguzo la Benki Kuu lilichukua miaka kunusa mlango wa mtu kama mimi.

Kuhusu mnada, kanuni yake ni ya haraka: nyundo ikianguka unalipa asilimia 25 palepale, na 75 zilizobaki ndani ya siku 14. Ukishindwa, ile 25 unaiaga. Sasa niambie ni benki gani itakamilisha mkopo wako wa nyumba kwa siku 14. Bado hawajamaliza kutoa nakala ya kitambulisho chako.

Halafu ni nani yumo ndani? Nilimsindikiza rafiki yangu kwenye mnada wa namna hiyo, upande wa Kimara. Dalali wa mnada anapiga kelele getini, wanunuzi tumesimama kwenye jua, na barazani kakaa mama na kanga yake, ndoo mbele yake, anachambua mchele. Hakuinua kichwa mnada mzima. Rafiki yangu akashinda, tukapiga soda. Wiki ya tatu ikaja barua ya wakili: yule mama hakuwahi kusaini ridhaa ya kuweka nyumba ya ndoa rehani, mumewe alisaini peke yake. Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenzi. Mahakama ikaweka zuio. Miaka miwili hela ya rafiki yangu ilikaa humo, na yeye akiendelea kupanga.

Kwa hiyo, kama mna hela yenu taslimu, na wakili amepekua hati na ridhaa kabla ya siku ya mnada, na mumeo amekwenda kuona barazani kakaa nani, endeni. Kwa mkopo, msiende. Au mtafuteni anayeuza mwenyewe kabla benki haijamfikia. Kuna mtu Mbezi sasa hivi anajua miezi mitatu ijayo atashindwa rejesho. Huyo atakushukuru ukimlipa bei ambayo mnada ungemnyima, na mkewe atasaini mbele yako.

Tuna send-off ya mdogo wangu Agosti. Kamati inasema ukumbi milioni tatu. Tupambane? – Katibu wa Kamati

Msilipe ukumbi kabisa. Hoteli ikikosa semina, ukumbi wake ni kama hotpoti zangu ila wenyewe unakula umeme. Semina zilipokatazwa, mpwa wangu alipata ukumbi wa hoteli bure, viti na mapambo ya meza ndani, mradi sahani zisipungue mia mbili. Ombeni Ijumaa au Jumapili, Jumamosi bado wana kiburi. Na onjeni chakula kabla ya kusaini. Punguzo linalotoka kwenye ukumbi hupenda kurudi kupitia pilau.

Mama, mimi naona dhambi. Namkandamizaje bei mama wa mchicha wakati najua naye hali yake ni mbaya? – Mwenye Huruma, Temeke

Nani kakwambia umkandamize? Yule mama wa miwani alinipunguzia mimi mtaji uliokwisha kufa, ulikuwa umelala mwaka mzima. Mchicha haulali. Wa leo ni wa leo, na faida yake ni ugali wa jioni. Kwake omba nyongeza, kimkono kimoja juu ya fungu, atakupa mwenyewe bila kukunja uso, hiyo ni desturi yetu tangu zamani.

Lakini huruma yako nayo usiizidishe ukadhani ni mnyonge. Mbele ya duka langu alikuwepo mama wa mchicha, miaka yote ile bei yake haikushuka hata mara moja. Mambo yakibana alipunguza fungu, nikilalamika ananiambia ni jua. Mwaka 2018, siku mdai wa mali kauli alipokuja na kukaa kwenye kiti changu akisema haondoki, ni yeye aliyeingia ndani, akafungua pindo la kanga, akanihesabia elfu hamsini bila kuniuliza za nini. Nilimrudishia baada ya wiki tatu. Akazihesabu mara mbili, akazifunga palepale zilipotoka, halafu akaniuzia fungu la mchicha kwa bei yake ileile.